Binti ana CP na mkono mmoja tu ndo unafanya kazi: tumnunulie laptopu gani?

Swali: Asalaam aleikum. Binti yangu ana miaka 16, ana CP (cerebral palsy, ubongo hauiongozi misuli sawasawa) tangu kuzaliwa, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Mkono wa kulia umekaza hautumii kabisa, wa kushoto anautumia ila unatetemeka, na akiharakisha ndo hujiendea wenyewe. Maneno yake sisi nyumbani twayaelewa, mgeni humtatiza. Kichwa chake chema mashallah, ameingia gredi ya 10 shule ya kutwa hapa Changamwe. Tatizo ni kuandika, mwalimu keshafuta ubao yeye bado yuko mstari wa tatu. Mjomba wake katoa elfu 45. Duka moja mjini wametuambia tuchukue Core i7 ya inchi 15.6, tachi skrini, ati hiyo ndo itamfaa. Tuchukue?

Jibu: Waaleikum salaam dadangu, na hongera kwa binti. Hiyo msiichukue, angalau msiichukue kabla yeye mwenyewe hajaiweka mkono. Ntaeleza kwa urefu kidogo manake swali lako limebeba mambo mengi, na hii kazi ya kuwapangia kompyuta wanafunzi wenye ulemavu wa viungo nimeifanya miaka hapa Mombasa na nshaona pesa za watu zikipotea kwa mashine nzuri ambayo mtoto hawezi hata kuifungua kifuniko.

Muuzaji akisema Core i7 anakuambia hiyo kompyuta ina nguvu ya kufanya hesabu haraka. Sasa binti yako anachelewa wapi? Anachelewa pale kidole kinapotoka hewani kuitafuta herufi, kinakosa, kinarudi, kinagonga mbili pamoja, anafuta, anaanza tena. Hapo i7 haina la kufanya. Kazi ya shule ni kuandika, kusoma PDF na kuingia intaneti, na Core i5 yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya 8GB na diski ya SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani, inazifanya zote bila kuhema. Ile tofauti ya bei ndo itakayonunua vitu vya kuusaidia mkono, na hivo vitu ndo mimi naviita laptopu yake hasa.

Na hiyo inchi 15.6, nyingi zina uzito wa kilo mbili na zaidi, ukiiweka kwenye trei ya kiti imejaa trei nzima, mkono hauna pa kuegemea. Mkono wa kutetemeka ukikosa pa kuegemea hutetemeka zaidi. Tachi skrini nayo ina lake, yataka mkono uinuliwe juu, unyooshwe mbele, ubaki hewani. Wewe mwenye mikono mizima jaribu kunyoosha mkono ukigusa ukuta dakika tano bila kuushusha, utaona bega linavyowaka. Kuna zile zinazokunjwa hadi zikalala kama sinia, hizo zimewafaa watoto wengine kwa sababu mkono unalala juu ya kioo, lakini kwa mkono unaojiendea wenyewe kama ulivyoeleza, kila kiganja kinapogusa kioo kitu fulani kinafunguka ambacho hakutaka.

Kabla ya kwenda mjini fanyeni jaribio moja nyumbani, halina gharama. Azima kibodi ya kawaida ya USB kwa jirani ama kwa saiba, hata kama ni mbovu haidhuru, hatuichomeki popote. Iweke mbele yake akiwa kwenye kiti chake, mwambie aandike jina lake kisha sentensi mbili kutoka kichwani, wewe umrekodi kwa simu. Usimharakishe na usimsaidie. Halafu tazameni hiyo video pamoja, yeye pia atazame manake ni mkono wake na ana miaka 16. Atumia kidole gani? Kifundo cha mkono kinaanguka na kubonyeza herufi za chini? Akishafika kwenye herufi hukawia kuiachilia, kiasi kwamba ingetoka sssss? Hugonga na jirani yake? Baada ya dakika ngapi mkono unaanza kuchoka? Kisha isogeze kibodi upande wa kushoto, irudie. Weka kitabu chini yake iinuke kidogo nyuma, irudie. Mara nyingi kwa kusogeza tu hivo utaona makosa yamepungua nusu, na hapo hujatumia hata ndururu.

Sasa kiti, na hapa ndo watu wengi huruka. Kama miguu yake inaning'inia na makalio yanateleza mbele, bega la kushoto lina kazi ya kumshikilia asianguke, na bega lenye kazi hiyo haliwezi kuutuliza mkono. Miguu iwe imekanyaga kitu, makalio yafike nyuma kabisa, na trei iwe kimo cha viwiko, imekatwa mwezi mchanga mbele ya tumbo ili viwiko vyote viwili vilale juu yake. Mkono wa kulia usiuache ukining'inia, kama vidole vyafunguka muwekee kigingi kilichosimama kwenye trei aushikize hapo. Mwili ukipata mahali pa kujishikiza upande mmoja, upande wa pili hutulia, hili utaliona kwa macho yako. Lakini usikisie vipimo, mpeleke kwa OT, yule mtaalamu wa tiba ya kazi (occupational therapist). Pale hospitali kuu ya Coast General wapo, na APDK, shirika la kuwahudumia wenye ulemavu wa viungo, wana tawi lao Port Reitz, si mbali na nyinyi, kazi za viti vya magurudumu wanazijua tangu zamani, ndo wale wale wa Bombolulu. Muombe OT aangalie kiti na mkono wakati anaandika, si akiwa amekaa tu.

Ukishayajua hayo ndo tuzungumze mashine. Kwa elfu 45 mimi singeangalia mpya, mpya ya bei hiyo huwa na plastiki nyepesi, ikigongwa mara mbili kifuniko kinalegea. Ningeangalia zile za ofisi zilizotumika, ex-UK, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude, HP EliteBook, inchi 14, zimejengwa imara. Ila chunga namba ya prosesa, ndo hiyo inayoanza na i5 ama i7. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi yataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa hivyo ikiandikwa i5-8250U au i5-8350U ni sawa, ikiwa i5-7300U au i5-6300U achana nayo hata kama muuzaji kaisukumia Windows 11 kwa ujanja. Na usiamini jina la modeli peke yake, manake ThinkPad T480 na EliteBook 840 G5 zote zilitoka na prosesa za kizazi cha 7 pia, fungua Settings, System, About, usome mwenyewe.

Kwa binti yako hasa, ningeanza kumjaribishia ThinkPad T480. Sababu zangu ni za mkono wala si za nguvu. Tundu zake za chaji za USB-C ziko upande wa kushoto, upande wa mkono wake mzima, na hiyo pini haina juu wala chini, ukiingiza vyovyote yaingia. EliteBook 840 G5 chaji iko kulia, angelazimika kuvuka mbele ya mwili kila mara, kitu kidogo ukisikia lakini ni cha kila siku. T480 ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa nyuma, stima ikipotea shuleni haimkatizi. Kibodi yake inahimili kumwagikiwa kidogo, na nalisema hili kwa heshima, watoto wengi wa CP mate huwatoka wakizama kwenye kazi, si aibu, ila mashine lazima ihimili. Na kuna kile kinundu chekundu katikati ya G, H na B cha kusukumia mshale, na vitufe halisi vya kubonyeza chini yake, kwa hiyo mshale unasogea bila mkono kuhama. Wengine wanakipenda sana, wengine mtetemo unakichanganya. Ajaribu.

Jambo la kwanza la kujaribu lakini ni kifuniko. Aifungue kwa mkono mmoja. Laptopu nyingi ukiinua kifuniko na chini inainuka, mpaka ishikwe kwa mkono wa pili, ambao yeye hana. Dawa yake ni ule mpira wa wavu wa kuzuia vitu kuteleza kwenye droo, kata kipande weka kwenye trei, ama velkro nene chini ya laptopu. Lakini kuna mashine ambazo hata kwa mpira hazikubali. Hizo ziache.

Chromebook utaziona za bei rahisi mno. Kila Chromebook ina tarehe ya mwisho ya kupata masasisho, na nyingi zinazouzwa hapa za mitumba tarehe yake ishapita. Ukipata ambayo haijapita si mbaya, ina huduma ya kubofya yenyewe mshale ukitulia mahali, lakini kama shule inatumia Word nendeni na Windows.

Haya, sasa hazina yenyewe, ambayo imo ndani ya kila Windows na ni bure na muuzaji hatakwambia. Nenda Settings, Accessibility, Keyboard. Washa Sticky Keys, hii ni kwa mtu wa mkono mmoja, badala ya kushika Shift huku ukibonyeza herufi, unabonyeza Shift unaachilia, kisha herufi, inatoka kubwa. Njia ya mkato ni kubonyeza Shift mara tano. Halafu Filter Keys, hii ndo ya mtetemo: yaweza kupuuza herufi iliyoguswa kwa bahati mbaya na kupuuza herufi iliyogongwa mara mbili haraka haraka, na ile sssss ya kukawia inakwisha. Ila usiweke muda mrefu siku ya kwanza, ukiweka mrefu anabonyeza halitoki neno, anadhani kibodi imekufa, anakata tamaa. Anza na muda mfupi kabisa uliopo, kila baada ya siku chache mwulize yeye. Kwa kuifungua kompyuta weka PIN ya tarakimu badala ya nenosiri refu lenye herufi kubwa na alama.

Kuhusu mausi, mausi ya kawaida haimfai, mkono ukijiendea mausi iko chini sakafuni. Kuna trakboli, mpira umekaa juu unauzungusha na chombo chenyewe hakihami, nzuri sana, lakini angalia isiwe imeumbwa kwa mkono wa kulia. Logitech Ergo M575 ni ya kulia, Kensington Orbit imelingana pande zote. Bei zake si za mchezo. Kabla ya kufika huko jaribuni kitu cha bei ndogo, ile kibodi ndogo ya namba peke yake ya USB. Iwekeni chini ya mkono wa kushoto, bonyezeni Alt na Shift za kushoto pamoja na Num Lock, hapo 8 inapeleka mshale juu, 2 chini, 4 na 6 kando, na 5 ndo kubofya. Ni polepole, lakini mshale unasimama pale ulipousimamisha, hautetemeki hata chembe. Kuna msichana mmoja nilimwekea hivo akachora grafu zake za hesabu mwenyewe kwa mara ya kwanza, mamake alilia, nami nilikaribia.

Kama kwenye ile video mkono unaangukia herufi nyingi kwa pamoja, basi kunahitajika kinga ya kibodi, bamba lenye tundu juu ya kila herufi, mkono unalala juu ya bamba na kidole kinaingia kwenye tundu moja tu. Hizi kuagiza nje ni ghali, lakini fundi wa mabango anayekata perspex (ile plastiki ngumu kama kioo) kwa mashine anaweza kukukatia, mpelekee kibodi yenyewe akapimie. Ikatiwe kibodi ya nje ya USB, usiikatie ya laptopu, na ununue kibodi mbili za aina moja ili moja ikifa bamba lisiwe takataka. Kibodi ya nje pia inakuwezesha kuinua laptopu juu ya vitabu kioo kikafika usawa wa macho, shingo ikapumzika.

Na maneno marefu ya Kiswahili, kina anayewasilisha na yaliyosababishwa, usimwache ayaandike herufi kwa herufi. Kwenye Word kuna AutoCorrect, anaweka vifupisho vyake mwenyewe, akiandika mzg inatoka mazingira, akiandika khy inatoka kwa hivyo. Na kuna LibreOffice, ni bure, ile Writer yake ina kukamilisha maneno: inayakumbuka maneno marefu yaliyomo kwenye kazi unayoandika, ukianza tena herufi chache inakuletea neno zima, unakubali kwa Enter. Uzuri wake haijali lugha gani, inajifunza kwa kile anachoandika yeye, kwa hivyo insha ya Kiswahili inafaidi sawa na ya Kiingereza. Ipunguze ule urefu wa neno, imewekwa ianzie herufi 8, ishushe hadi 5. Kwa mtoto anayetumia nguvu kwa kila herufi, herufi kumi zilizookolewa kwa kila mstari ni nyingi mno.

Kuandika kwa sauti watu watakuambia ndo suluhisho. Windows 11 ina Voice Access, inafanya kazi hata bila intaneti ukishaipakua, lakini Kiswahili haina. Kibodi ya Google ya simu inaandika Kiswahili kwa sauti tangu 2017. Shida si lugha peke yake, umesema mgeni maneno yake humtatiza, na hizi programu ni kama mgeni. Mpime bure kwa simu yako leo, aseme sentensi kumi, ukiona nusu zimetoka sivyo usijenge mpango juu ya sauti, na usimrudishe rudishe maneno mbele ya watu. Na hata ikikubali, darasani na kwenye mtihani si mahali pa kuzungumza na kompyuta.

Begi sasa, tafadhali hapa nisikilize. Usilitundike nyuma kwenye mishikio ya kiti. Nilimpangia kijana mmoja wa ng'ambo ya Likoni mashine vizuri kabisa, kila kitu sawa, begi sikuliwaza. Likatundikwa nyuma, na wakati wa kupandisha ule mteremko kutoka kwenye feri kiti kikabinuka kinyumenyume naye ndani. Alhamdulillahi kichwa hakikugonga. Mpaka leo hilo nalibeba. Laptopu ikae chini ya kiti kwenye mfuko uliofungwa kwenye fremu, ama mapajani ndani ya begi lenye mkanda. Na ndo maana uzito naupigia kelele, T480 ni kama kilo moja na nusu. Ndo maana pia SSD, tuktuk na mashimo ya Magongo diski ya kuzunguka haihimili.

Shuleni nenda kabla ya laptopu, uzungumze na mwalimu mkuu. Katiba kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia vifaa vya kushinda vikwazo vya ulemavu wake, kwa hivyo huendi kuomba hisani. Omba mambo matatu tu, akae karibu na soketi, walimu wampe notsi kwa flashi ama ubao upigwe picha, na zoezi akiliandika kwa kompyuta lisahihishwe sawa na ya wenzake. Hilo la notsi ndo kubwa. Nguvu za mkono wake ni chache kwa siku, zisiishie kunakili ubao, zibaki kwa kujibu na kufikiri. Na mtihani wa kitaifa uanze kuuwaza sasa, shule ndo hupeleka mahitaji yake KNEC, baraza la mitihani, wakati wa kuandikisha, kama muda wa ziada, na kumtetea ni rahisi zaidi kama ana ripoti ya tathmini kutoka EARC (kituo cha elimu kinachotathmini watoto wenye mahitaji maalum) na walimu wamemwona miaka akiandika kwa kompyuta. Kama hana kadi ya NCPWD, baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu, mwandikishe, baraza lina mfuko unaosaidia vifaa, hata trakboli mwaweza kuiombea huko.

Zile elfu 45 mimi ningetafuta laptopu isiyovuka elfu 33. Iliyobaki ni ya kibodi mbili, ile ya namba, trei na perspex, na kidogo kiwekwe kando, betri ya mtumba haikosi kusumbua. Jioni ifutwe kwa kitambaa kikavu na isilale dirishani, chumvi ya hewa yetu mwaijua.

Maduka mengi mjini yana ngazi, na kosa la kawaida ni mjomba kupanda peke yake akachagua. Mpigieni muuzaji mapema, mwambieni mteja yuko kwenye kiti cha magurudumu, ashuke na laptopu tatu hadi chini. Mwenye duka anayetaka biashara atashuka. Nendeni asubuhi mkono ukiwa haujachoka, mbebe trei na ule mpira, aifungue mwenyewe, aiwashe, mumuwekee Sticky Keys na Filter Keys palepale, aandike sentensi zile zile za nyumbani kwa kila mashine, robo saa kila moja, na wewe umrekodi tena. Akisema hii, ni hii, hata kama ina mkwaruzo na ya pembeni inang'aa. Kisha niandikie vile mkono ulivyokubali na kama bamba la perspex litahitajika, nikupe vipimo vya tundu kabla hujaenda kwa fundi.